Mtu kanifutia sevu ya saa 412, halafu ananiambia usoni "Emerald si Ruby ile ile imepakwa kijani?"

MjombaRayquaza:

Wakuu, kaseti yangu ya gemu ya Pokémon Emerald nimerudishiwa sasa hivi, nusu saa haijaisha, naandika huku vidole vinatetemeka. Mwenyewe simtaji. Mnamjua. Ni yule yule aliyeazima pedi ya mwenzetu humu ikarudi haina kitufe cha pembetatu, kwa hiyo msiniulize ni nani.

Nawasha DS, nasubiri, naona: jina AAAAAAA. Beji 0. Muda 0:11. Dakika kumi na moja wakuu! Kakaa nayo wiki tatu, kacheza dakika kumi na moja, kasevu, kazima. Hata jina kashindwa kuandika, kakandamiza A mpaka nafasi zote saba zikajaa. Ndani namkuta Torchic mmoja, Pokémon wa kuanzia, wa leveli 6, damu nusu. Huyo ndiye niliyeachiwa badala ya saa 412 za maisha yangu. Hata mwizi wa kuku huacha manyoya.

Nikamuuliza kwa ustaarabu kabisa, mama yangu shahidi alikuwepo barazani: kaka, umefanya nini hapa? Akanijibu huku anatafuna karanga: "Si utaanza tena? Kwani Emerald si Ruby ile ile imepakwa kijani?"

Imepakwa kijani.

Karanga mdomoni, hata hajameza. IMEPAKWA KIJANI.

Ruby na Sapphire zilitoka Japani 2002, Emerald ikaja Septemba 2004. Yaani miaka yote hiyo Game Freak, watengenezaji wenyewe, walikuwa wanakoroga rangi kwenye ndoo? Kwenye Ruby wanaokusumbua ni genge la Team Magma, ukitaka ugomvi na Team Aqua kanunue Sapphire. Emerald wote wawili wanakuja juu yako. Unafika Sootopolis unakuta majitu mawili, Groudon na Kyogre, wanapigana katikati ya mji, jua na mvua vinapokezana, watu wamejifungia ndani, na wewe ndiye unayetakiwa upande mnara wa Sky Pillar ukamwamshe joka Rayquaza ashuke kuwaamua. Mara ya kwanza nilipomwona anashuka nilisimama sebuleni nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafunga goli. Kijani gani hicho?

Halafu kile kisiwa. Ruby ukimaliza ligi unapewa mnara mmoja, Battle Tower, umetosha. Emerald wamejenga mji mzima, Battle Frontier, kumbi saba na kila ukumbi una sheria zake. Factory unaacha Pokémon wako mlangoni unapigana na wa kukodi. Palace huruhusiwi kuamuru kitu, kila Pokémon anapigana kwa tabia yake na wewe umesimama pembeni unaomba Mungu. Pike ni milango mitatu, chagua mmoja, unaweza kumkuta mtu wa kukuponya au nyoka wa kukutia sumu. Kule alama ya dhahabu, tuzo ya juu ya kila ukumbi, unaipata chumba cha 140. Mimi niliipata mwezi wa Ramadhani, kila usiku baada ya daku, shuka kichwani, sauti nimezima.

Nilikuwa na alama za dhahabu sita. SITA. Imebaki ya Tower peke yake, na Tower nilikuwa na ushindi 63 mfululizo. Anabel, bosi wa Tower, anakungoja pambano la 70. Raundi moja wakuu, mapambano saba! Nikamwazima mtu kaseti kwa sababu anasafiri na basi siku nzima na nikamwonea huruma.

Na gemu ilimwonya! Hili ndilo linalonichoma. Ukianza upya kisha ukataka kusevu, Emerald haikai kimya, inakuandikia kabisa kwamba humu kuna sevu nyingine, ukisevu sasa safari ile yote na vitu vyake na Pokémon wake vinapotea, una uhakika? Akajibu ndiyo. Kwa kidole chake, macho makavu. Kisha anakuja kwetu, anakaa kwenye mkeka wetu, anatafuna karanga ambazo mama yangu ndiye kazikaanga, ananiambia imepakwa kijani.

Sitaki pole. Nataka saa zangu 412.

kobe_wa_ilala:

Alama sita za dhahabu bila picha hatuamini mkuu.

MjombaRayquaza:

Picha ningepiga ya nini? Nilijua kuna mtu anakuja kunivunjia nyumba?

dada_wa_makorora:

Kama ndiye ninayemdhania, na ndiye, kwangu aliazima chaja "ya siku mbili" nikaiona tena Iddi. Nilipomuuliza akasema si nina nyingine? Hiyo ndiyo tabia yake, kila kitu kwake "si kile kile". Huyo ukimpikia pilau atakwambia wali umepakwa kahawia.

MjombaRayquaza:

Dada Mungu akuweke. Pilau! Ndivyo alivyosema, na uso ule ule.

baba_mapacha:

Mtu mzima unalilia Torchic. Torchic mwenyewe hajakukosea kitu, mpe matunda, mlee, atakuwa Blaziken. Mwaka kesho tutakuwa tunahesabu alama saba.

chuma_cha_reli:

Jamaa kakosea kufuta, hilo sibishi. Ila la kijani tuwe wakweli, kuna kitu kasema. Miji ile ile, njia zile zile, beji nane zile zile. Nimecheza Sapphire, nikacheza Emerald, nilikuwa natembea nimefumba macho.

MjombaRayquaza:

Ulifumba kweli. Viongozi wa beji Tate na Liza kwenye Sapphire wanakutolea Pokémon wawili, kwenye Emerald wanne. Kiongozi wa Sootopolis sasa ni Juan, Wallace aliyekuwa hapo kapanda kuwa bingwa. Steven, bingwa wa Ruby na Sapphire, ukimtaka umfuate Meteor Falls baada ya ligi, anakungoja na Metagross wa leveli 78. Viongozi wa beji wanakupigia simu mrudiane, tena wawili kwa wawili. Watu wawili wakikuona njiani kwa pamoja, wanakuvaa kwa pamoja. Pokémon akitoka kwenye mpira anacheza, anatikisa mwili, kwenye Sapphire yako wamesimama kama picha ya kitambulisho. Na Groudon na Kyogre unawakamata wote wawili kwenye kaseti moja. Usimtetee mtu aliyekula karanga zetu.

kobe_wa_ilala:

Sasa kosa ni sevu au ni karanga?

MjombaRayquaza:

Ni kusema IMEPAKWA KIJANI huku anatafuna karanga baada ya kufuta sevu! Ni vyote!

nguchiro_mweupe:

Mnasifia walichoongeza, hakuna anayesema walichoondoa. Zangoose yuko wapi kwenye Emerald? Roselia yuko wapi? Meditite? Surskit? Lunatone? Mimi Zangoose ndiye Pokémon wangu tangu nikiwa darasa la tano, nimenunua Emerald nikazunguka nyasi za Route 114 jioni nzima, natokewa na Seviper tu. Seviper wamemwacha peke yake, adui wake wamemtoa, sasa anamchukia nani? Hii inaniuma kuliko sevu ya mtu yeyote humu.

MjombaRayquaza:

Mkuu fungua uzi wako. Tumepewa sehemu mpya za Safari Zone, mbuga ya kukamatia Pokémon, Mareep na Houndour humohumo, huyo Zangoose utahamishiwa kwa waya na mwenye Ruby.

nguchiro_mweupe:

Kwa hiyo ninunue gemu mbili ili nimpate mmoja. Wizi.

mpishi_wa_sinnoh:

Wote mnabishania cha mtoto. Toleo lililoongeza vitu kwa heshima ni Platinum ya 2008, iliyokuja baada ya Diamond na Pearl. Diamond ukiogelea unasonga ugali, unapakua, unakula, hujafika ng'ambo. Platinum wakaondoa ule uzito. Wakaleta Distortion World, maji yanapanda juu na sakafu iko ukutani, Giratina amebadilika umbo. Rotom anaingia kwenye friji, anaingia kwenye mashine ya kufulia, kila kifaa umbo lake. Na Battle Frontier wakaweka. Kisha 2021 wanatuletea Diamond na Pearl upya, nikawahi kununua, kumbe Frontier hamna! Wamerudia lile la zamani kana kwamba Platinum haijawahi kuzaliwa. Nina hasira na hilo mpaka leo.

dada_wa_makorora:

Ninyi afadhali. Ruby na Sapphire zikatengenezwa upya, Omega Ruby na Alpha Sapphire 2014, nikajua sasa Frontier inarudi, nikaweka hela mwezi kwa mwezi. Nafika kisiwani nakuta jumba moja la mapambano, Battle Maison, peke yake, na humo ndani kuna mtu ananiambia mradi wa Battle Frontier umeanza. Mpaka leo unaanza.

mpishi_wa_sinnoh:

Sasa hivi hata kaseti ya tatu kama Emerald au Platinum hawatoi. Sword na Shield 2020 wakauza nyongeza kipande kipande, Scarlet na Violet 2023 hivyohivyo. Anayesema "imepakwa rangi" ahamie huko.

MjombaRayquaza:

Asante kwa kunirudisha. Imepakwa kijani! Wiki tatu, dakika kumi na moja!

mama_suicune_muscat:

Wadogo zangu, angalau ninyi mna wa kumlaumu. Mimi ni mtu wa Crystal, gemu ya kwanza ya Pokémon iliyoniuliza kama mimi ni mvulana au msichana, na hilo jambo si dogo kwa mtu aliyecheza Red akiitwa mvulana. Nilikuja nayo Muscat kwenye sanduku. Kaseti zile sevu iliishi kwa betri, betri ikafa kimyakimya ndani ya droo. Nimeiwasha ili nimwonyeshe binti yangu Suicune wangu, nakuta tupu. Mtoto ananiangalia: "Mama, yuko wapi?" Sikuwa na jibu.

kobe_wa_ilala:

Pole sana mama. Hii sasa ndiyo inauma.

baba_mapacha:

Mmenitia wasiwasi. Emerald yangu kila nikiwasha inaandika betri imekwisha. Ina maana sevu nayo inaondoka?

mama_suicune_muscat:

Hapana mwanangu, ya kwako sevu haikai kwenye betri. Betri ni ya saa. Matunda uliyopanda hayataota na maji ya pango la Shoal Cave hayapwi wala hayajai, ila Pokémon wako wako salama.

MjombaRayquaza:

Wakuu, uzi ni wa sevu YANGU.

baba_mapacha:

Nashukuru sana mama. Hiyo betri ni namba ngapi?

mama_suicune_muscat:

CR1616, imechomelewa kwa risasi. Peleka kwa fundi saa mwenye mkono mwepesi, usiifungue mwenyewe kwa kisu.

baba_mapacha:

Niko kwa fundi hapa. Anasema 1616 hana, anayo 2032, eti si ile ile?

mama_suicune_muscat:

Usikubali! 2032 ina unene wa milimita 3.2, hiyo yako 1.6. Kifuniko hakitafunga. Chukua kaseti yako mkononi, aga, nenda kwa fundi mwingine.