Mrejesho: yule wa "ukoo wetu maji hayatutaki"

Mlionijibu, ahsanteni sana. Kwa asiyenikumbuka: nina miaka 41, mkaazi wa Likoni, Mombasa, na kila asubuhi navuka feri nimeshika chuma, macho nimefumba. Tangu mjomba azame, nililelewa kwamba maji hayatutaki, nikawaomba ushauri niiache imani hiyo.

Kuandika imani ile kwenye karatasi na kuichoma nilifanya. Nilipata moshi jikoni tu, aliyenishauri anisamehe.

Aliyesema nimuulize mama kwanza, Mungu akuweke. Kumbe mjomba alitoka na ngalawa inayovuja, msimu wa kusi, bahari imechafuka, wenziwe wakimkataza. Miaka yote tumeyasingizia maji!

Basi nikatafuta mwalimu, tukawa tunaenda ufuo wa umma kule Bamburi kila Jumapili. Wiki tatu sikupita magoti. Sasa naelea chali, masikio ndani ya maji, nahesabu hadi 20. Kuogelea kwenyewe bado. Nikikosa mchanga miguuni napiga kelele kama mtoto.

Chuma cha feri nacho bado nakishika, ila macho wazi. Juzi meli ya makontena ilitupita ikielekea bandari ya Kilindini, ndefu ajabu. Nikaitazama mpaka mwisho.