Msaada: nimeunganisha sechi zangu za nyuma kwenye katalogi ya maktaba, imeleta sifuri

Mpekuzi77:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana niko kwenye tasnifu na muda unaniishia. Mada yangu ni elimu ya watoto viziwi. Nimesechi kwenye katalogi neno moja moja, na kwenye ile sehemu ya historia zimejipanga hivi: 1 viziwi, rekodi 38. 2 kiziwi, 11. 3 deaf, 96. 4 elimu, 2,310. 5 shule, 1,475. Nikaona kuna visanduku vya kutiki na kitufe cha kuunganisha, nikatiki zote tano nikachagua AND, ikaleta 0. Nikarudi nikachagua OR zikaja 3,388, sasa rekodi 3,388 naanzia wapi jamani? Nakosea wapi?

RafuYaJuu:
Pole sana ndugu. Kusechi hujakosea, tatizo umeziunganisha zote kwa mpigo. Ukisema AND unaiambia mashine ilete rekodi yenye maneno yote matano kwa pamoja, yaani kitabu kimoja kiwe na viziwi na kiziwi na deaf na elimu na shule, hicho utakipata wapi? OR yenyewe inachukua chochote chenye hata neno moja kati ya hayo, ndo maana imekumwagia kila kitabu cha shule kilichomo humo.

Fanya mafungu. Maneno yanayotaja kitu kilekile yanakaa fungu moja na yanaunganishwa kwa OR. Tiki 1, 2 na 3 tu, chagua OR, utaona umezaliwa mstari wa 6. Toa tiki zote (hapa wengi wanasahau, tiki za mwanzo zinabaki zinavuruga), kisha tiki 4 na 5, OR, huo ni wa 7. Ndo sasa unafanya 6 AND 7.

Mpekuzi77:
Ubarikiwe sana mkuu!! 6 imeleta 131, 7 imeleta 3,298, na 6 AND 7 imeleta 41, nimezipitia karibu zote zinahusu kabisa. Ila kuna kitu kinanisumbua, jana nilishika kitabu cha Kiingereza pale kwenye rafu kinachohusu mada hiihii, na kwenye hizo 41 hakimo.

BintiKatalogi:
Hakimo kwa sababu fungu la kwanza umetia deaf ila fungu la pili lote ni Kiswahili. Hicho kitabu kimeingia 6 kikakwama kwenye 7. Sechi education iwe mstari mpya, iunganishe na 7 kwa OR, ndo urudie AND. Na usidhani Kiingereza ni kwa vitabu vya Kiingereza tu, maktaba nyingi hata kitabu cha Kiswahili zinakipa vichwa vya mada (maneno rasmi ya kuonyesha kitabu kinahusu nini) vya Kiingereza, kwa hiyo mafungu yote yawe na lugha mbili.

Halafu nimependa ulivyosechi kiziwi na viziwi kila moja peke yake, wengi hawafanyi hivyo. Ile nyota ya kukata neno inafanya kazi vizuri mwishoni, ukiandika educat* unapata education, educator na wenzake, lakini Kiswahili chetu kinabadilika mbele, mwalimu anakuwa walimu, mtoto anakuwa watoto, na mifumo mingi haikubali nyota mwanzoni mwa neno. Dawa yake ni kusechi umoja na wingi halafu OR.

Mkongwe_wa_Maktaba:
Naongezea kidogo. Usiwe na haraka na NOT, ile inayoondoa rekodi zenye neno fulani. Ukiandika NOT watu wazima ukidhani unabaki na watoto, unatupa na vitabu vinavyozungumzia watoto na watu wazima pamoja, na hivyo ndo mara nyingi vizuri. Pia cheki vichujio, kwenye baadhi ya mifumo kama sechi ya 4 uliifanya ukiwa umechuja mwaka au lugha, kichujio hicho kinaingia nacho kwenye muungano na wewe huna habari.

Na ukitaka kuandika yote kwa mstari mmoja weka mabano: (viziwi OR kiziwi OR deaf) AND (elimu OR shule OR education). Bila mabano kila mfumo unasoma kivyake, PubMed (hifadhidata ya makala za tiba) kwa mfano inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na hizo AND na OR inazitaka kwa herufi kubwa.

Kubwa zaidi, HIFADHI. Historia haikai. Hiyohiyo PubMed inaifuta ukikaa muda wa saa 8 bila kuigusa, na katalogi nyingi ukitoka tu imekwenda. Ingia kwenye akaunti yako ndo usevu, au kopi mstari wako wenye mabano uubandike kwenye faili pamoja na tarehe na idadi ya matokeo, namba kama 6 AND 7 kesho hazitakuwa na maana yoyote.

Mpekuzi77:
Nimerudi wakuu. Education imeleta 5,120 nikaitia kwenye fungu la pili, jibu limetoka 41 hadi 88, na kile kitabu cha jana ni cha tatu kwenye orodha! Mstari nimeshaubandika kwenye faili na tarehe yake. Sasa naongeza fungu la tatu la lugha ya alama, umoja na wingi, Kiswahili na Kiingereza. Asanteni sana, nimesaidika.