Lundo langu la mboji limenigombanisha na majirani, nifanyeje? (Mtwara)

MamaWaChuno:
Habari za jioni wana jukwaa. Naishi Chuno, hapa Mtwara mjini. Kuna jambo linaniuma siku nyingi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima tunafanya usafi vizuri kabisa, halafu majani yote tunayarundika na kuyatia kiberiti pamoja na mifuko ya plastiki. Moshi unaingia vyumbani, watoto wanakohoa hadi usiku. Na udongo wetu ndio huu mnaoujua, mchanga mtupu. Ukimwagilia mchicha asubuhi, adhuhuri umeshanyauka.

Nikaamua nianze mboji nyuma ya nyumba ili wenzangu waone. Nikarundika maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, viporo vya wali na mabibo viroba vitatu kutoka shambani kwa mama. Kila jioni namwagia maji. Wiki ya pili harufu ikawa kali, inzi wamejaa, na funza juu. Jirani akanishtaki kwa mjumbe, nikaitwa. Sikumlaumu, harufu kweli ilikuwepo. Ila sasa nikitamka neno mboji watu wanageuza uso.

Naomba mnisaidie: nilikosea wapi, na hawa majirani nitawarudishaje? Kuacha sitaki.

Juma_Shimo:
Chimba shimo, fukia, yaishe.

Mkulima_Newala:
Pole dada. Shimo linafaa kiangazi, hasa huku kwetu Newala ambako maji ni ya shida, maana linatunza unyevu. Lakini mvua zikianza Desemba shimo linajaa maji na utarudi kwenye uvundo ule ule. Panga lundo juu ya ardhi.

Kosa lako ni moja: umeweka vibichi vitupu. Bibo ni maji na sukari, likirundikwa peke yake linachachuka na kushikamana. Hewa haipiti, vile vijidudu vizuri vinavyoozesha kwa kutumia hewa vinakufa, vinabaki vile vinavyotoa harufu. Ndicho kinachotokea hata dampo: taka zikigandamizwa bila hewa zinatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inanasa joto angani zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Kwa hiyo ukilipa lundo hewa, unamtendea haki jirani na unaitendea haki hali ya hewa pia.

Lifumue lote kesho. Chini tandika vijiti ili hewa ipenye. Kisha kwa kila ndoo moja ya vibichi weka ndoo mbili au tatu za vikavu: majani ya mikorosho, mabua, nyasi. Majani ya mikorosho ni magumu, yakatekate kwa panga. Ukipata samadi ya mbuzi, nyunyiza kidogo kila tabaka. Juu kabisa funika na vikavu, bibo lisionekane, inzi hawatapata pa kutaga. Lundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande; likiwa dogo halishiki joto, na joto hilo, nyuzi 55 hadi 65, ndilo linaloua mbegu za magugu.

Maji usimwage kwa mazoea. Chukua konzi moja kutoka katikati, minya: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Choma kijiti kirefu katikati ukiache humo. Baada ya siku nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, endelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa cha baridi na kinanuka, geuza na uongeze vikavu. Geuza kila wiki mbili. Kwa joto letu, ndani ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi kinachonukia kama udongo baada ya mvua.

Bi_Mingoyo:
Na utumbo wa samaki? Sisi huku Lindi ndiyo taka yetu kubwa.

Mkulima_Newala:
Kwa anayeanza, hapana. Utaita paka na panya. Fukia mbali, chini ya mnazi.

Mwalimu_Mikindani:
Mama, mimi nimeona jambo jingine. Lundo lako limekosa vikavu, na vikavu ndivyo mtaa wako unavyochoma kila mwisho wa mwezi. Usiitishe kikao, na usianze na mambo ya tabianchi. Siku ya usafi simama na viroba, waombe majani tu, bila plastiki. Kila kiroba utakachopata ni moshi uliopungua siku hiyo hiyo.

Mboji ikiiva, lima matuta mawili mbele ya nyumba, pale wapita njia wanapoona. Moja litie mboji, jingine liache mchanga wake. Panda mchicha siku moja, mwagilia sawa. Mchicha hauchukui mwezi. Na fungu la kwanza mpelekee jirani aliyekushtaki, umwombe radhi kwa ile harufu kabla hujamweleza lolote.

MamaWaChuno:
Mwalimu, hili la majani halikuwahi kunijia kichwani. Asanteni sana. Radhi sitangoja mchicha, nakwenda kumwomba jioni hii. Nauliza la mwisho: kwake kuna mwembe mkubwa, majani yake anafagia kila asubuhi. Yanafaa?

Mkulima_Newala:
Yanafaa sana. Yakatekate tu kama ya mkorosho.