Naomba ushauri: mwanangu anapigana ili arekodiwe

Wakuu, shikamooni. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Juzi nimekuta video kwenye simu yake: kamkaba mwenzake shingo nyuma ya vyoo vya shule, halafu anageukia kamera na kutabasamu. Kutabasamu! Nilipoifuta alilia, si kwa huruma, ila kwa sababu watazamaji walishafika 2,000.

Mastaa anaowafuata Instagram wanatukanana leo, kesho wanajaza ukumbi. Kwake hiyo ndiyo njia ya kuwa mtu. Wa Dar mnawakumbuka Panya Road, yale magenge ya wahalifu, na mapanga yao. Wengi walikuwa vijana wadogo tu. Naogopa.

Simu nimeificha, sasa hataki hata kula nasi. Wazazi wa yule aliyekabwa niwaendee vipi? Na simu nimrudishie kwa masharti gani?