Vitamini D kliniki: itolewe bure au jua linatosha?

Mama Juni: Wadau, vitamini A wanetu wanapewa bure kila miezi 6. Kwa nini D isiingizwe humo humo? Wangu ana miezi 9, mafua yakiisha Jumatatu, Alhamisi yamerudi.

Mzee wa Busati: Jua lote hili mnataka la chupa? Wamasai na Wahadzabe walipimwa damu hapa hapa Tanzania, D yao wastani nanomoli 115 kwa lita. Wazungu wanaitamani hiyo. Shida nyie mmewafungia watoto ghorofani na yaya na katuni.

Mama Juni: Ghorofani wapi, mzee wangu? Nina chumba kimoja. Uani kamba za nguo za wapangaji sita na mtaro unanuka. Nimwanike juu ya bati?

Bi Kidawa: Na yaya kaingiaje? Kila kitu yaya!

Tabibu Msaidizi: Tusichanganye mambo. D inazuia matege, hapo hakuna ubishi. Mafua ndiyo kesi. Kabul, Afghanistan, watoto zaidi ya 3,000 walipewa dozi nzito ya D kila miezi 3, nimonia haikupungua. Mongolia watoto wa shule walikunywa maziwa yenye D kila siku, vifua vikapungua, ila wale walikuwa na upungufu mkubwa wa D tangu mwanzo.

Mzee wa Busati: Kabul na Mongolia zinatuhusu nini sisi wa Temeke?

Bi Kidawa: Na Wahadzabe wako unakaa nao Temeke mtaa gani?

Mzee wa Busati: Bibie, nimelea saba, hakuna aliyelamba tone.

Chogo: 😂 Mama mkwe anamtoa wangu saa moja asubuhi, "jua la vitamini".

Tabibu Msaidizi: Saa moja bado jua changa, mionzi yenyewe haina nguvu. Na wanaowakalisha nyuma ya kioo cha dirisha wanawapa joto tu.

Chogo: Kamwambie wewe. Mimi nyumba ya kwake.

Mama Juni: Kwa hiyo kliniki watoe au wasitoe?

Tabibu Msaidizi: Mtoto wa umri huo mafua mara sita, nane kwa mwaka ni kawaida. Ningeanza na moshi wa mkaa humo chumbani.

Mama Juni: Nani kakwambia napikia ndani?

Bi Kidawa: Mpikie nje, mwenye nyumba aseme unachafua ukuta. Wangu kakataza hata kuanika nguo baada ya saa tisa.

Chogo: Saa tisa?! Sababu?

Bi Kidawa: Eti wageni wake wasione kanga zetu.