Beki wa kati wa miaka 19: abaki anapocheza au asaini klabu kubwa?

Kaka wa Beki, Jinja

Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu ana miaka 19 na anacheza beki wa kati. Alionekana katika Kombe la Masaza, mashindano ya kaunti za Buganda, akasajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uganda ambayo kwa kawaida humaliza katikati ya msimamo, na msimu huu ameanza karibu kila mechi. Sasa ofa mbili zimemfikia. Klabu kubwa ya Kampala inamtaka kwa mkataba wa miaka mitano, ilhali tayari ina mabeki wa kati watatu waliokwisha kuitwa timu ya taifa. Aidha, kuna mtu anayejitambulisha kuwa wakala, ambaye anasema atampeleka Ulaya kwa majaribio iwapo familia italipia tiketi na viza. Baba anaegemea klabu kubwa kwa sababu ya mshahara, mama hataki kusikia habari za safari, nami nimeachiwa kazi ya kuuliza. Je, beki wa umri huu hupoteza nini akikaa benchi msimu mzima?

Mwalimu wa Vijana, Mbale

Hupoteza zaidi kuliko mshambuliaji, ndugu yangu. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya 70 timu inapotafuta bao, lakini kocha hapangui safu yake ya ulinzi bila sababu, na beki wa kati wa akiba kwa kawaida huingia mwenzake anapoumia au anapotumikia adhabu ya kadi. Kijana anaweza kuvaa medali ya ubingwa mwishoni mwa msimu ambao hakucheza dakika zozote za maana.

Mtazame beki mchanga krosi inapokuja. Hukodolea macho mpira tu, na mshambuliaji hujipenyeza nyuma ya bega lake. Aliyekwisha kucheza mechi nyingi hugeuza shingo mara mbili kabla mpira haujapigwa, humgusa mpinzani kwa mkono ili ajue alipo, ndipo huruka. Mazoezini unaweza kumweleza hayo mwaka mzima asiyashike. Huyashika baada ya kufungisha mabao ya kweli mbele ya mashabiki wanaozomea. Viwanja vyetu vya mikoani navyo vina mchango wake, kwa kuwa mpira ukidunda kwenye udongo mgumu haujulikani utaelekea wapi, hivyo kijana hujifunza kuuondosha kwanza. (Kutuliza na kuanzisha mashambulizi kwa pasi, jambo ambalo maskauti (wasaka vipaji) wa nje hulipenda sana siku hizi, viwanja hivyo havimfundishi, na hapo tunawaonea vijana wetu.)

Beki wa kati Timothy Awany alifuata njia ninayoisema. Alicheza kwanza hapa nyumbani akiwa na KCCA ya Kampala, ambayo mwaka 2018 ilikuwa kundi moja na Al Ahly ya Misri na Espérance ya Tunisia katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha mwaka 2019 akaenda Ashdod ya Israel.

Mzee wa Namboole

Mwalimu, mfano wako unanisaidia mimi. Awany angekutana vipi na Al Ahly kama angebaki klabu ya katikati ya msimamo? Mechi za kimataifa za klabu huchezwa na wachache, na humo ndimo beki anapimwa. Murushid Juuko naye alikwenda Simba ya Dar es Salaam mwaka 2014, akiwa na miaka 20, katika klabu isiyomvumilia beki anayekosea, na Cranes, timu yetu ya taifa, ilimtumia katika AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2017 na ya 2019. Kijana asiogope ushindani wa namba.

Ninachokipinga ni hiyo safari. Mustafa Kizza, beki wa kushoto mwenye krosi safi, aliondoka KCCA kwenda Montreal mwaka 2020 akiwa na mkataba halali, na hata hivyo hakupata nafasi ya kudumu huko. Itakuwaje kwa anayekwenda kubahatisha majaribio kwa nauli ya wazazi? Nafasi ya beki wa kati pia haina haraka hivyo: Ibrahim Sekagya, aliyeicheza, alipita kwanza klabu za Argentina zisizovuma sana, zikiwemo Ferro Carril Oeste na Arsenal de Sarandí, akafika Red Bull Salzburg ya Austria mwaka 2007 akiwa na miaka 26.

Mwanasheria wa Michezo, Kampala

Ningependa mkataba usomwe kabla ya kubishania klabu. Miaka mitano ndicho kikomo cha kawaida katika kanuni za FIFA, kwa hiyo si kosa kuutoa, lakini kwa kijana wa miaka 19 unamfunga hadi miaka 24. Aombe miaka miwili au mitatu, na kiwango cha ada ya kumwachia, yaani kiasi ambacho klabu nyingine ikikilipa anaruhusiwa kuondoka, kiandikwe humo humo. Wasikubali kifungu kinachosema mkataba utakuwa halali akishafaulu vipimo vya afya, kwani kanuni zinakikataza. Vipimo hufanywa kabla ya kusaini. Mshahara wa miezi miwili usipolipwa, mchezaji huiandikia klabu na kuipa angalau siku 15, na baada ya hapo anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Kwa hiyo kila malipo yapitie benki, si bahasha.

Akiuzwa nje kwa ada, asilimia 5 hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa hiyo klabu yake ya sasa ikidai barua na kumbukumbu za usajili ili kuthibitisha kuwa ilimlea, isionekane kuwa na wivu.

Kuhusu huyo wakala, mwombeni leseni yake ya FIFA na mtafute jina lake katika orodha ya FIFA mtandaoni. Klabu inayomtaka mchezaji humwandikia barua ya mwaliko kwa jina lake.

Kaka wa Beki, Jinja

Leseni hana, amesema iko njiani. Barua aliyotuonyesha haina jina la mdogo wangu. Hilo tumelifunga. Imebaki klabu kubwa.

Mwalimu wa Vijana, Mbale

Basi Mzee na mimi hatupishani sana. Asaini miaka miwili, na kabla ya kusaini akubaliane nao kwa maandishi kwamba ikifika nusu ya msimu bila kucheza atatolewa kwa mkopo. Kisha amuulize kocha ana kwa ana: katika wale watatu, nani mkataba wake unaisha mwaka huu?