Chembe za sumaku dhidi ya saratani: je, tutie kobalti yetu?

Mkemia, Kampemba (anafungua mjadala)

Kila tukigusa utafiti wa saratani hapa Lubumbashi, wimbo ni uleule: kobalti tunachimba sisi, faida wanapata wengine. Ndiyo maana wapo wanaotaka labo zetu ziruke chuma kitupu na kuanza na feriti ya kobalti (oksidi ya chuma na kobalti pamoja) kwa chembe za sumaku za kupasha uvimbe joto. Napinga. Anayetaka kunijibu aje na hesabu, uzalendo auache mlangoni.

Kwa asiyeijua kazi hii: chembe zenye kiini cha nanomita 10 hadi 20 hudungwa ndani ya uvimbe, mgonjwa akawekwa kwenye uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 hivi kwa sekunde, chembe zikatoa joto, uvimbe ukafika nyuzi 41 hadi 46. Hapo mionzi huziumiza seli za saratani zaidi. Si wazo la jana. Gilchrist na wenzake walilijaribu kwenye tezi za limfu za mbwa, 1957. Ulaya iliruhusu tiba hii kwa uvimbe wa ubongo mwaka 2010, kwa chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa koti la aminosilani. Za chuma, si za kobalti.

Chuma kikimeng'enywa mwilini kina pa kwenda: protini iitwayo feritini hukihifadhi, uboho hukitumia kutengeneza damu. Kobalti haina ghala. Kazi yake halali ni ndani ya vitamini B12, na hapo tunahesabu maikrogramu. Mjini Quebec, katikati ya miaka ya 1960, chumvi ya kobalti ilitiwa kwenye bia ili povu lisimame. Wanywaji wazito wakafa kwa misuli ya moyo kuchoka.

Mfamasia, Kamalondo

Bia haikuvikwa koti, ndugu yangu. Unalinganisha chumvi iliyoyeyuka na fuwele iliyofungwa. Feriti ya kobalti unaweza kuivisha silika ya nanomita chache, au ukaweka kobalti katikati na magnetiti, yaani oksidi ya chuma, juu. Na faida ipo: usumaku wake ni mgumu kugeuka, kwa hiyo chembe ndogo ambayo ikiwa ya chuma ingebaki baridi, ikiwa ya kobalti inaweza kupata joto.

Na chuma chako usikitakase. Ferumoksitoli, dawa ya chuma ya mshipani iliyoruhusiwa Marekani 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, ilipewa onyo la ngazi ya juu mwaka 2015 kwa sababu ya vifo vya mzio wa ghafla. Tangu hapo haisukumwi kwa sindano: miligramu 510 huchanganywa kwenye mililita 50 hadi 200, hudondoshwa kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa huangaliwa dakika 30. Mle hamna kobalti hata kidogo. Tena chuma kilicholegea ndani ya seli kikikutana na peroksidi ya hidrojeni huzaa hidroksili, chembechembe kali sana, na hiyo hukata DNA.

Fundi wa vifaa vya hospitali, Ruashi

Nyote mnaongelea bunga (unga wa chembe), mashine hamuitaji. Ugumu wa kugeuka ambao Mfamasia anausifia una bei: chembe ngumu inadai uga wenye nguvu, na mwili haukubali uga wowote tu. Kipimo kinachotajwa tangu 1984 ni kwamba nguvu ya uga mara kasi ya kugeuka isipite 485,000,000, ukihesabu kwa ampea kwa mita na mara kwa sekunde. Kwa kilohezi 100 unabakiwa na ampea 4,850 kwa mita. Kwa kilohezi 300, kama 1,600. Ukizidisha, mikondo ya umeme inazaliwa kwenye nyama nzima na mgonjwa anaungua mahali pasipo na chembe.

Mashine ya ubongo ilifika hadi ampea 15,000 kwa mita kwa kilohezi 100. Iliwezekana kwa sababu joto la mikondo hiyo linakua na mraba wa upana wa sehemu iliyo ndani ya uga, na kichwa ni chembamba kuliko kiwiliwili. Tumbo halitavumilia hivyo. Kwa hiyo kobalti inayong'aa kwenye kichupa cha labo inaweza kulala usingizi kwenye ini la mtu.

La pili ni kura, yaani umeme. Joto linafuata mraba wa uga: uga ukishuka asilimia 10, joto linashuka asilimia 19. Kwa delestaji yetu (umeme kukatwa kwa zamu) na volteji inayopanda na kushuka, bila kidhibiti cha kweli hamtajua mmempa mgonjwa dozi gani. Na msipime joto kwa waya wa metali, unapata joto wenyewe kwenye uga. Tumieni kipimajoto cha nyuzi za kioo, na kila mara muweke kichupa cha maji matupu pembeni, maana koili nayo inapasha.

Muuguzi, Katuba

Bandugu, miye niko na ulizo. Hii bunga, kisha kuchoma kansa, inaendaka wapi? Inatokaka na mukojo ao inabakiaka mu mwili? Na mugonjwa wa drepano (selimundu), anaweza kuipata?

Daktari wa damu

Mama, umeuliza penyewe. Kwenye figo hupita chembe zisizozidi nanomita 6 hivi. Hizi, ukijumlisha koti lake na protini za damu zinazozigandia, ni kubwa mno. Zikipitia mshipani, ini na wengu huzinasa na kuzimeng'enya polepole. Na uvimbe wenyewe haupati kitu: uchambuzi wa 2016 wa tafiti za wanyama ulikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ya mshipani hufika kwenye uvimbe. Zikidungwa ndani ya uvimbe, nyingi hubaki palepale. Ndiyo sababu waliotibiwa ubongo Ujerumani hawakufuatiliwa tena kwa MRI (picha za sumaku), chuma kinaziba picha. Walitumia skana ya eksirei. Na matokeo yao tusiyakuze: wagonjwa 59 ambao uvimbe ulikuwa umerudi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13.4 tangu uliporudi, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wote walipata mionzi pia.

Mwili una gramu 3 hadi 5 za chuma na hupoteza miligramu 1 au 2 kwa siku. Hauna njia ya kutoa ziada. Chupa moja ya damu huleta miligramu 200 hadi 250, basi mgonjwa wa drepano aliyeongezwa damu mara nyingi tayari amejaa. Mimi singemuingiza katika jaribio la kwanza.

Kwa kobalti nina neno moja. Mwaka 2009 watafiti wa hapa na wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda: kobalti ilikuwa juu sana, watoto wakiwazidi watu wazima. Koti la chembe likivuja ndani ya mgonjwa wa hapa, utaitofautishaje kobalti ya chembe na ya vumbi la barabara?

Mfamasia, Kamalondo

Kwa kumpima kabla, Docta, zaidi ya mara moja, akiwa analala na kula mahali palepale. Kila mgonjwa awe kipimo chake mwenyewe.

Mkemia, Kampemba

Na akihama nyumba katikati ya jaribio?

Twende kwenye meza ya labo. Hata chuma kitupu si chepesi. Gramu 5.4 za kloridi ya chuma ya hali ya tatu (yenye maji sita) na gramu 2 za ile ya hali ya pili (yenye maji manne), ndipo unapata uwiano wa mbili kwa moja. Maji yachemshwe na kupitishwa nitrojeni. Kwa nyuzi 80 ongeza amonia hadi pH 10, rangi iwe nyeusi papo hapo. Ikija kahawia, hewa imeingia, au chumvi ya hali ya pili ilikuwa imeshaoza kwenye chupa. Osha kwa sumaku, kisha vika asidi ya sitriki au dekstrani. Wengi wanafurahia chembe zikisimama vizuri kwenye maji safi, kumbe kwenye maji ya chumvi zinagandamana dakika ileile. Mganda huo ndio utakaoziba mishipa myembamba ya mapafu. Otoklavu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) ya nyuzi 121 nayo inaweza kuzigandisha, kwa hiyo chuja kwa matundu ya maikromita 0.22. Uchujaji hautoi endotoksini, yaani sumu za bakteria waliokufa. Hizo zinataka maji safi tangu mwanzo. Vipimo vya rangi vya kuona kama seli zinaishi pia hudanganya, kwa kuwa chembe nyeusi hunywa mwanga: weka kichupa chenye chembe bila seli.

Mfamasia, Kamalondo

Nakubali chuma kianze. Sikubali mlango wa kobalti ufungwe kabla ya panya hata mmoja.

Mkemia, Kampemba

Kabla ya panya, leta chembe zako zilizovikwa silika. Tuziweke wiki nne kwenye maji ya sitrati yenye asidi, pH 4.5, nyuzi 37, kama tumbo la seli linavyokuwa, na kila wiki tupime kobalti iliyotoka. Sema sasa, kabla hatujapima, ni kiasi gani kikitoka utaiacha.

Mfamasia, Kamalondo

Asilimia 1 ya kobalti yote iliyomo.

Daktari wa damu

Asilimia 1 ya dozi ya ngapi? Andikeni miligramu.